Kiingereza si unakijua? Sasa unakwenda kusomea nini?

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, nyumba nyingi nchini huingia kwenye mjadala mmoja. Mtoto amefaulu, majirani wameshapongeza, sasa limebaki suala la kozi. Aliyesoma PCB anaonekana tayari amevaa koti jeupe. Aliyesoma ECA anaonekana tayari yuko benki. Lakini aliyesoma HKL au HGL akisema anataka kwenda kusoma lugha ya Kiingereza na fasihi yake, sebule inapoa. Baba anakohoa. Mama anaangalia chini. Mwishowe mmoja wao anauliza: Kiingereza si unakijua? Sasa unakwenda kusomea nini?

Niliulizwa swali hilo mwaka 2012, na nimeendelea kuulizwa kwa namna mbalimbali mpaka leo nikiwa na watoto wangu wawili. Naamini wazazi wengi huuliza kwa mapenzi na kwa hofu, si kwa dharau. Ada ni kubwa, ajira ni chache, na nyuma ya mtoto huyo wapo wadogo zake wanaosubiri zamu. Kwa hiyo leo naomba nilijibu kwa kirefu, kwa yale niliyoyaona mwenyewe, faida yake na gharama yake.

Michungwa ya mama na tranka la mjomba

Mimi ni mzaliwa wa Muheza, mkoani Tanga. Baba alikuwa karani katika shamba la mkonge mpaka alipostaafu. Mama ana ekari tatu za michungwa alizorithi kwa babu, na hizo ndizo zilizotusomesha. Mama aliishia darasa la saba. Kiswahili anakisoma vizuri kabisa, hata gazeti hili hulisoma lote, lakini Kiingereza kwake ni michoro tu.

Nilisoma shule ya msingi kwa Kiswahili kama watoto wengi wa Tanzania, kisha nikaingia kidato cha kwanza katika shule ya kata. Huko masomo yote, isipokuwa Kiswahili chenyewe, yaligeuka Kiingereza kwa siku moja. Aliyepita njia hiyo anajua ilivyo. Jana uliitwa hodari wa hesabu, leo umekaa kimya kwa sababu hujaelewa swali limeuliza nini. Wenzangu wengi walianguka hapo, na naapa hawakukosa akili. Walikosa lugha.

Mimi niliokolewa na vitabu vya hadithi. Shule yetu haikuwa na maktaba, ilikuwa na kabati moja ofisini kwa mwalimu wa taaluma. Humo mlikuwa na Things Fall Apart cha Chinua Achebe, Passed Like a Shadow cha Bernard Mapalala na vingine vichache vilivyokwisha majalada. Kila kitabu nilikisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilihangaika na maneno, mara ya pili nilielewa kisa, mara ya tatu ndipo nilipofurahi.

Nilipotangaza nyumbani kozi niliyoitaka, baba ndiye aliyeuliza lile swali. Yeye alitaka nisome sheria. Mama alikuwa na lake. "Daktari akimaliza ni daktari," aliniambia tukiwa shambani. "Mwalimu akimaliza ni mwalimu. Wewe ukimaliza utakuwa nani?" Nilimweleza kuhusu riwaya na ushairi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akarudia swali lake.

Aliyenitetea alikuwa mjomba, mdogo wake mama, ambaye wakati huo alikuwa anaendesha bajaji ya mtu. Alisema maneno ambayo siku moja yangemrudia. "Dada, mwache mtoto asome. Nchi hii kila karatasi yenye pesa imeandikwa Kiingereza. Na sisi tuwe na mtu wetu." Ndiye aliyeninunulia tranka, akanilipia nauli ya basi hadi Ubungo, na akanipa laki nne za kujikimu mpaka bumu litoke. Kwa mwendesha bajaji ya kukodi, laki nne si mchezo.

Si kozi ya kuongea

Wiki za kwanza pale Mlimani nilikuwa na hofu. Darasani tulikuwa mchanganyiko. Walikuwapo waliosoma English medium tangu chekechea, Kiingereza kinawatoka kama maji ya bomba. Na tulikuwapo sisi wa shule za kata, ambao kabla ya kunyosha mkono kwenye semina tunaipanga sentensi kichwani, na tukimaliza kuipanga mada imeshapita. Tulijua moja kwa moja kwamba hao watatuacha mbali.

Haikuwa hivyo. Mtihani wa kwanza ulipotoka, baadhi ya wasemaji wakubwa walikuwa na sapu, na baadhi yetu wa kimya tulikuwa juu. Mhadhiri mmoja alituambia wazi kwamba anayetaka kujifunza kuongea aende kukaa na waongeaji, hapo chuoni tunajifunza lugha inavyofanya kazi. Ni kama tofauti ya dereva na fundi. Dereva anaweza kuendesha vizuri miaka 20 bila kujua ndani ya injini kuna nini.

Tulianza na sauti. Kiswahili kina irabu 5 tu. Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu zinazokaribia 20. Ndiyo maana Mswahili anapotamka 'ship' na 'sheep' hutoka neno lile lile, meli imekuwa kondoo. Miaka yote tulichekwa kwa jambo hilo na kuambiwa hatujui. Siku ile tulionyeshwa kwamba sikio letu limezoea nyumba ya vyumba vitano na sasa linaombwa kuishi kwenye ya vyumba 20. Huwezi kuamini kitu kidogo kama hicho kinavyomwondolea mtu aibu.

Kisha tukaingia kwenye maumbo ya maneno. Ajabu ni kwamba kwa kusoma Kiingereza ndipo nilipoanza kukiona Kiswahili changu. Neno moja 'hatutawasahau' Kiingereza hulisema kwa maneno matano. Ndani yake mna mtendaji, mna kukanusha, mna wakati, mna mtendewa, na mna tendo. Mama yangu, wa darasa la saba, hulijenga neno hilo bila kufikiri. Nilirudi likizo nikimsikiliza kwa masikio mapya.

Upande wa fasihi nao ulikuwa na mambo yake. Sekondari tulizoea kukariri dhamira: umaskini, usaliti, mgongano wa tamaduni. Unaziorodhesha, unapata alama. Chuoni swali lilikuwa jingine: nani anasimulia, anamsimulia nani, na nani hakupewa nafasi ya kusema? Chukua mwisho wa Things Fall Apart. Okonkwo amekufa, na mkuu wa wilaya Mwingereza anawaza kitabu anachokusudia kuandika, ambamo kisa cha mtu huyu kitatosha aya moja hivi. Sisi wasomaji tumeishi na Okonkwo kitabu kizima. Mwenye kalamu anampa aya. Nilikuwa nimekisoma kitabu hicho mara tatu Muheza, lakini hapo ndipo nilipokiona.

Tulisoma pia kwamba hata kozi yenyewe iligombewa. Mwaka 1968 pale Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wa kutaka idara ya Kiingereza ya chuo kikuu ivunjwe. Walitaka mahali pake iwepo idara inayoiweka Afrika katikati, na fasihi za wengine zifuate. Kwa hiyo anayedhani mtoto anakwenda kusomea Uzungu ajue kwamba hoja hiyo ilishajadiliwa na wakubwa zaidi ya miaka 50 iliyopita, na kozi za siku hizi katika vyuo vyetu zimebeba matunda yake.

Vitabu viwili vilinikaa moyoni kuliko vingine, na vyote vilihusu deni. Cha kwanza ni tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri na kuiita Mabepari wa Venisi, ikachapishwa 1969. Humo mfanyabiashara anasaini mkataba kwamba asipolipa atakatwa ratili ya nyama ya mwili wake. Anasaini kirahisi, kama mzaha. Anayemwokoa mahakamani ni mwanamke aliyejigeuza mwanasheria, naye hafanyi muujiza. Anausoma mkataba neno kwa neno na kuonyesha kwamba umeandikwa nyama, haukuandikwa damu.

Cha pili ni Paradise cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, kilichotoka 1994. Yusuf, kijana wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri anayemwita mjomba Aziz. Anadhani anakwenda kutembea kwa ndugu. Baadaye anakuja kujua kwamba huyo si mjomba wake, na yeye ni rehani ya deni la baba yake. Gurnah alipopata Tuzo ya Nobel Oktoba 2021, wengi mitaani walikuwa wanasikia jina lake kwa mara ya kwanza. Sasa riwaya hiyo ipo kwa Kiswahili, inaitwa Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Mzazi unayejiuliza watoto wanasoma nini huko chuoni, anza na hiyo.

Miaka miwili ya kutazamwa

Nilimaliza mwaka 2015. Nisiwadanganye, miaka miwili iliyofuata ilikuwa migumu. Shahada yangu haikuwa ya ualimu, kwa hiyo serikalini nisingeajiriwa kufundisha. Ofisi nyingi nilizopeleka maombi zilitaka uzoefu wa miaka mitatu. Nilipata kazi katika shule moja ya msingi ya binafsi Dar es Salaam, mshahara laki mbili na nusu, na mara nyingi ulichelewa. Jioni nilifundisha tuisheni watoto wa majirani.

Kila niliporudi Muheza nilitazamwa. Dada mmoja jirani, ambaye binti yake alisoma uuguzi na kuajiriwa, aliniuliza mbele ya watu, "Wewe si ndiye uliyesoma chuo?" Baba alibadilisha mazungumzo. Mama hakusema neno, na kutosema kwake kuliniuma kuliko lile swali.

Siku hizo nilijifunza kuwa mzazi aliyesomesha kwa machungwa ana haki ya kuhesabu. Alikuwa ameuza msimu mitatu mfululizo bila kujinunulia hata kitenge cha maana. Alichokiona kurudi ni binti mwenye begi la vitabu na simu isiyo na salio.

Karatasi yenye alama za X

Mwaka 2017 nilikwenda nyumbani kwa Sikukuu ya Idd. Siku ya tatu mjomba alifika na kijana aliyevaa tai, afisa mikopo wa kampuni moja. Mjomba alikuwa amechoka kuendesha bajaji ya mtu na alitaka kukopa milioni sita anunue yake. Alihitaji mdhamini mwenye mali, na mama alikuwa amekwisha kubali kuweka hati ya kimila ya shamba. Mimi ndiyo kwanza nasikia.

Afisa alitoa kurasa nne za Kiingereza. Mahali pa kusaini palikuwa pamewekwa alama za X kwa kalamu, ili mama asipate taabu. Akaeleza kwa Kiswahili kizuri, kwa dakika chache: mama unamdhamini mdogo wako kwa milioni sita, akimaliza kulipa hati yako unarudishiwa. Mama akashika kalamu.

Niliomba nisome kwanza.

Jambo la kwanza nililoliona lilinirudisha kwenye chumba cha semina. Kiingereza kina vitenzi saidizi viwili, 'shall' na 'may'. Kwenye mikataba kile cha kwanza hubeba lazima, cha pili hubeba ruhusa. Nikapita kurasa zote nne nikifuatilia. Kila penye mkopaji au mdhamini paliandikwa 'shall'. Kila penye kampuni paliandikwa 'may'. Mama ni lazima alipe, ni lazima atoe taarifa, ni lazima agharamie. Kampuni inaweza kumjulisha, inaweza kumpa muda, inaweza kumrudishia. Inaweza, maana yake ikipenda.

La pili lilikuwa katika ukurasa wa tatu, katikati ya sentensi iliyokuwa na mistari saba. Mdhamini alikuwa anadhamini mkopo huu, pamoja na deni lolote jingine ambalo mkopaji anadaiwa au atakuja kudaiwa na kampuni hiyo. Yaani milioni sita haikuwa mwisho.

La tatu lilihusu kuuzwa kwa dhamana. Sentensi yenyewe ilikuwa ya kutendwa: dhamana itauzwa itakapoonekana inafaa. Iuzwe na nani? Ionekane na nani? Kwa bei ipi, na ikizidi deni chenji inakwenda wapi? Miaka mitatu nilifundishwa kumtafuta mtendaji anapofichwa kwenye sentensi. Hapa alikuwa amefichwa vizuri.

Nilimsomea mama kwa Kiswahili, sentensi moja baada ya nyingine, bila kumwambia afanye nini. Alinisimamisha kwenye lile la pili. "Kwa hiyo mwakani akikopa tena bila kuniambia, shamba la baba bado limo humo?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

Afisa alitabasamu. "Dada, hiyo ni lugha ya kisheria tu. Kila mtu anasaini hii hii." Nikamjibu kwa adabu kwamba namwamini, basi aandike nyuma ya karatasi, kwa Kiswahili, yale aliyotueleza kwa mdomo, kwamba dhamana ni ya milioni sita tu, kisha asaini yeye kwanza. Akasema hana mamlaka hayo. Nikamwambia mama kwamba mimi si mwanasheria, ni vizuri karatasi ipelekwe kwa wakili au kwa wasaidizi wa kisheria kabla ya uamuzi. Mama akaifunga kalamu, akamrudishia mwenyewe.

Bei yake

Ningependa kuwaambia kwamba mjomba alinishukuru. Alisimama, akanitazama, akasema: "Nilikununulia tranka ukasome. Umerudi kunifungia mlango." Akaondoka na yule kijana.

Hatukuzungumza miezi 14. Nilipoolewa mwaka 2018 alituma mchango kwa mkono wa shangazi, yeye hakuja. Anayejua nafasi ya mjomba katika harusi za kwetu ataelewa maana yake. Kila nilipompigia simu kumsalimu, shikamoo yangu ilijibiwa na simu ikakatwa.

Tena mambo hayakwenda kama ambavyo ningeyapanga kwenye hadithi. Mjomba alipata mdhamini upande wa mke wake, akachukua mkopo ule ule, akanunua bajaji, na baada ya mwaka mmoja na nusu alimaliza deni lote. Hakuna aliyeuziwa kitu. Alikuja kwa mama na karatasi ya kumaliza deni mkononi. "Uliona, dada? Hakuna shamba lililouzwa."

Jibu la mama nilisimuliwa na baba. Alisema: "Mimi sikukataa kwa sababu ya litakalotokea. Nilikataa nilichosomewa. Maisha yangu yote nimesaini nisivyovijua: vya hospitali, vya ushirika, vya shule. Hicho kimoja nilikijua."

Tangu siku hiyo mama hajaniuliza tena nitakuwa nani. Badala yake amenifungulia ofisi bila kuniuliza. Kila nikienda Muheza nakuta watu kibarazani na karatasi zao. Mlinzi na mkataba wake wa kazi. Mzee na barua ya bima. Mama na majibu ya vipimo vya hospitali, ambavyo humwambia wazi kwamba maneno nayasoma ila maana yake ni ya daktari. Wasichana wanaokwenda Oman kufanya kazi za ndani huja na mikataba iliyoandikwa Kiarabu na Kiingereza. Upande wa Kiingereza tunausoma pamoja, tunatafuta saa za kazi, siku ya mapumziko, na nani anashika pasipoti. Mmoja aliamua kutokwenda. Wawili walikwenda wakijua wanachokwenda kukutana nacho.

Na mimi kazi ilipatikana. Tangu mwishoni mwa 2017 nimekuwa mhariri na mfasiri, kwanza kwa vibarua, sasa nimeajiriwa. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa nchini ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na sheria zetu nyingi zilikuwa zimeandikwa Kiingereza. Mjomba alikuwa sahihi kuhusu karatasi zenye pesa. Sasa kazi ipo ya kuzihamisha, na inamtaka mtu anayezijua lugha zote mbili kwa undani.

Mjomba tulipatana taratibu, kama ndugu wanavyopatana, bila kikao. Alikuja kumwona mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa, akakaa, akala, akaaga. Mwaka 2023 alinipigia usiku. Binti yake amepata HKL nzuri na hataki kusikia kozi nyingine. Akasita kidogo, kisha akauliza: "Ile kozi yako, ile ya kusoma karatasi, inaitwaje?"

Kabla hujamjibu mwanao

Niliyomwambia mjomba usiku ule ndiyo ninayokuambia wewe mzazi.

Kwanza, soma jina la kozi vizuri. Shahada ya lugha na fasihi peke yake ni kitu kimoja, na shahada ya ualimu yenye somo la Kiingereza ni kitu kingine. Ya pili inamwandaa mwanao kuwa mwalimu moja kwa moja. Ya kwanza inahitaji aongeze stashahada ya uzamili ya elimu, kwa kawaida mwaka mmoja, iwapo baadaye atataka kufundisha. Nimeona wazazi wanagundua tofauti hiyo siku ya mahafali.

Pili, asikiache Kiswahili. Mwenye Kiingereza kitupu ni wengi, na wenyewe wenye lugha wapo. Anayetafutwa ni yule anayeweza kusimama katikati ya lugha mbili na kila upande ukamwelewa. Akiwa chuoni achukue kozi za Kiswahili na za tafsiri kadiri ratiba inavyomruhusu.

Tatu, asisubiri kumaliza ndipo aanze kazi. Aandike, atafsiri, ahariri ripoti za wenzake hata kwa soda. Mwajiri haajiri orodha ya riwaya ulizosoma. Anataka kuona kurasa ulizozishika kwa mkono wako.

Nne, mkopo wa Bodi ni deni. Mhitimu akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka umalizike. Mweleze mapema, na umsomeshe mkataba wake mwenyewe kabla hajasaini. Huo uwe mtihani wake wa kwanza.

Tano, usimpeleke kwa sababu alama za sheria hazikutosha. Mtazame mtoto wako. Je, huwa anasoma mpaka maandishi madogo ya pakiti ya dawa? Husimamisha taarifa ya habari na kuuliza kwa nini wamesema hivi na si vile? Huyo ana njaa ya kozi hii. Asiye nayo atateseka, maana kurasa ni nyingi na hakuna fomula ya kujificha nyuma yake.

Na wewe kijana unayekwenda kuianza, nina neno moja. Ukirudi likizo usiwaonyeshe wazazi Kiingereza chako, watafurahi siku moja tu. Waulize ndani ya kabati kuna karatasi gani ambayo hawajawahi kusomewa. Itoe, kaa nao chini, uwasomee taratibu, na wakikusimamisha, simama.